Dawa ya Mama Mkwe

Mzee mmoja, polisi mstaafu wa kutoka kaskazini, huingia dukani kwetu kila mwezi, husimama wima mbele ya kaunta kama yuko kwenye gwaride, na kusema kwa sauti ya amri: "Nipe nife."

Mara ya kwanza nilishtuka. Mimi ni Mnubi, Kiswahili kimo nyumbani kwetu tangu babu zetu wavae buti za jeshi, na mtu akiniambia anataka kufa huwa namwamini. "Ufe kwa nini tena, mzee? Kaa kwanza tuzungumze." Akanitazama kwa huruma, akatoa mfukoni kipande cha paketi na kukiweka mbele yangu. Nifedipini. Dawa ya presha. Jina lilikuwa refu, naye alikuwa amelikata pale lilipoanza kumchosha. Siku hizi ndiyo salamu yetu. Yeye husema nipe nife, mimi humjibu bado sana mzee, naye huondoka na dawa yake akicheka chini kwa chini.

Duka letu liko Mengo, hapa Kampala, kwenye mteremko, katikati ya fundi cherehani na mama anayeuza mkaa. Kazi yangu ni kutoa dawa. Nimeisomea, na cheti kimetundikwa juu ya friji mahali ambapo hakuna anayekitazama. Chuoni walinifundisha namna moja tu ya kutamka kila jina, na nilipofika kaunta nikakuta kila mteja ana namna yake. Amoksilini ikipita kwenye ndimi za Kampala, ambazo hubadilishana l na r kama majirani wanavyoazimana sufuria, hutoka amokisirini, na kusema kweli inapendeza zaidi hivyo. Mama wa mkaa huniomba diklo fanaka. Ni diklofenaki, dawa ya maumivu, lakini sijawahi kumsahihisha, kwa sababu kwa magunia anayobeba mgongo wake unastahili fanaka. Fundi cherehani akiumwa jino hutaka Hebu Profesa, nami humpa ibuprofeni kwa heshima zote za chuo kikuu. Wengine huogopa jina zima. Husema silabi mbili za mwanzo kwa sauti kubwa, kisha hukohoa hadi mwisho wa neno na kuniachia mimi nimalizie.

Mtu asidhani najiona. Mama yangu mzazi, mwenye mtoto anayefanya kazi kwenye duka la dawa, anajua dawa moja tu duniani nayo ni aspirini. Kuna aspirini ya kichwa, aspirini ya tumbo na aspirini ya presha. Nimewahi kumkalisha chini nikamfundisha majina yote ya dawa zake, polepole, moja baada ya jingine. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Vizuri sana. Sasa nipe aspirini yangu ya presha."

Kwa hiyo nimejifunza kuuliza. Ni ya nani, anaumwa nini, alipewa wapi, anatumia nini kingine. Jina likiharibika, maswali hulitengeneza. Ndiyo maana muuza vitunguu mmoja wa soko la Kalerwe alinitia hasira siku ya kwanza: jina alikuwa ameliharibu, na maswali hakutaka kuyajibu.

"Musawo," aliniambia, maana ndivyo wanavyotuita wote tunaovaa koti jeupe, "nipe sabuni tamu."

"Sabuni ziko duka la pili, ssebo. Kama ni tamu sijui."

"Hapana ya kuoga. Ya kumeza. Ya kifua."

Ilikuwa salbutamoli, vidonge vya kufungua kifua kwa wenye pumu. Nikamuuliza ni ya nani.

"Ya mutu."

"Mtu gani?"

"Mutu ya nyumbani."

"Mkeo?"

"Aa-a."

"Mtoto?"

"Musawo, wewe unauliza kama polisi ya trafiki."

Kisha akashusha sauti na kunyoosha kidevu kuelekea barazani, bila kugeuza shingo. Pale nje alisimama mama mtu mzima ndani ya gomesi ya kijani, lile vazi refu la Kiganda, mshipi umefungwa barabara, ametupa mgongo anatazama magari. Hapo nikaelewa kila kitu, hasira ikaniisha. Alikuwa mama mkwe wake.

Kwa wasioishi na Waganda, nieleze kidogo. Mwanamume na mama wa mkewe hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja hupisha pembeni. Si ugomvi, ni heshima, na heshima hiyo huitwa obuko. Anayeivunja, hasa kwa kumgusa mwenzake, inasemwa hupatwa na ugonjwa wa kutetemeka mikono, na ugonjwa huo nao huitwa obuko. Sisi Wanubi tuna aibu zetu kwa wakwe, lakini hiyo ya kutetemeka hatuna, na kwa miaka mingi niliichukulia kama hadithi ya kuwatishia mabwana harusi.

Habari za mama yule nilizipata kidogo kidogo. Alikuwa mjane wa askari magereza, maisha yake ya ndoa yote aliyaishi Luzira kwenye nyumba za askari, na huko ndiko alikokipata Kiswahili chake. Mume alipofariki alirudi kijijini kwao. Kifua kilipoanza kumbana, binti yake alimleta Kampala awe karibu na daktari. Wakampangia chumba kwa jirani, ng'ambo ya ua, mlango unatazama upande mwingine ili yeye na mkwe wake wasigongane asubuhi. Binti mwenyewe hupika katika shule moja na ruhusa hapati ovyo ovyo, kwa hiyo kazi ya kumpeleka mama kwa daktari na kwenye dawa ilimwangukia mkwe. Walitembea yeye mbele, mama nyuma, wakiachana umbali wa kutosha kupitisha lori.

Dukani kwangu ikawa mchezo wa kuigiza wenye watu watatu, na mimi ndiye niliyekuwa na maneno mengi kuliko wote.

"Musawo, mwambie hapo amesimama iko jua," mama alikuwa akisema kutoka barazani.

Mkwe yuko hatua chache tu kutoka kwake na masikio yake ni mazima. Lakini anangoja. Namgeukia. "Mama anasema hapo ulipo kuna jua."

"Mwambie asante, musawo, mimi nimezoea jua."

"Mama, anasema asante, amezoea jua."

"Mwambie jua haizoewi."

Wote tunajua Luganda, lakini wao kwa wao mbele yangu walitumia Kiswahili, na nadhani najua sababu. Luganda ya wakwe ina adabu yake, kila neno lina mahali pa kukaa. Kiswahili chao kilikuwa cha kambi kwa mama na cha soko kwa mkwe, lugha ya kuwapigia kelele madereva wa Kikenya wanaoleta vitunguu. Hakikuwa na kumbukumbu zozote za ukwe, basi wakajificha humo. Nami, nikiri, nilikuwa nafurahia. Nilikuwa nikiwaona wanakuja, huyu mbele yule nyuma, naweka kila kitu chini na kujifuta mikono.

Nilipokuwa nikikwama ni kwenye maswali ya mwili. Nikimuuliza mama kama anapata choo vizuri, mkwe alitoka nje kukagua matairi ya magari ya watu.

Siku ya jambo lenyewe daktari alikuwa ameongeza dozi ya mama, nikaweka vidonge ndani ya bahasha ndogo ya karatasi, tunavyofanya kwa dawa zinazotoka kwenye mkebe mkubwa. Kawaida yao ilikuwa hivi: naiweka bahasha kwenye kaunta, mkwe anaichukua na kuiweka juu ya benchi la wateja, anarudi nyuma, mama anakuja kuiokota. Ilikuwa safari ndefu kwa bahasha ndogo. Siku hiyo nilikuwa naendelea kueleza, kwa sauti ya kuwafikia wote wawili, kwamba vidonge hivi vinaweza kuifanya mikono itetemeke kidogo na moyo kwenda mbio, kwamba si jambo la kuogofya, na kwamba ikizidi warudi kwa daktari. Mkwe akaiweka bahasha pembeni mno mwa benchi. Ikaanguka. Akainama kuidaka, na mama, ambaye alikuwa ameshasogea, naye akainama. Vidole vyao vikakutana sakafuni juu ya bahasha.

Sijawahi kuona watu wazima wakiruka vile. Mkwe alijikuta kwenye mlango, mama amejibana kwenye mizani ya kupimia uzito, na bahasha iko peke yake katikati. Niliuma ulimi nisicheke. Nikaiokota mwenyewe, nikampa mama mkononi.

"Hayo niliyosema, mmesikia?"

"Tumesikia," walijibu kwa pamoja, kila mmoja akiuambia ukuta wake.

Walipokwisha kuondoka nilicheka hadi mama wa mkaa akaja kuuliza kuna nini.

Baada ya hapo walipotea. Aliyekuja safari iliyofuata ni binti, mke wa muuza vitunguu, mwanamke mnene mchangamfu aliyenukia moshi wa jiko la shule. Alitaka vidonge vya mama. Niliona vimeisha mapema kuliko inavyotakiwa, nikamtania. "Mama anavitafuna kama karanga?"

"Kikohozi, musawo. Kikohozi imekuwa mingi."

"Kikizidi asiongeze vidonge, mrudishe kwa daktari. Dawa hii haitaki ukarimu."

"Ndiyo, ndiyo," alisema haraka, akitazama mafuta ya watoto kwenye rafu kana kwamba ana mtoto mchanga, na watoto wake nawajua, wa mwisho ana ndevu.

Kisha akaja mkwe, peke yake, mkono mmoja mfukoni. Alisubiri wateja wote waondoke. Safari hii hakuharibu jina la dawa yoyote.

"Musawo, iko dawa ya obuko?"

Nilicheka. Niliona uso wake nikaacha. Alikuwa amekonda, macho yamemwingia ndani. Akautoa mkono mfukoni na kuuweka juu ya kioo cha kaunta, na vidole vikaanza kukigonga kioo polepole, tik tik tik, bila yeye kutaka.

"Na yeye pia," alisema. "Yeye imezidi. Kikombe ya chai hawezi kushika. Tangu ile siku ya hapa."

Mambo yakamtoka yote. Mama hajamwambia binti yake neno, lakini amefunga begi lake. Jumamosi anarudi kijijini. Amemwambia jirani kwamba afadhali kifua kimmalize kwao kuliko akae hapa akimharibu mume wa mwanawe. Mke naye anadhani mumewe kamkosea mama adabu, na nyumbani wananuniana.

"Huko kwao daktari iko mbali," alisema. "Ile kifua ikimufunga, nani atamuleta? Atakufa njiani, musawo. Mimi mama yangu alikufa nikiwa mudogo. Huyu alinipa binti yake wakati mimi niko na toroli tu. Toroli yenyewe ya kukodi. Watu wake wote walikataa, yeye akasema huyu kijana anaamka mapema. Sasa mimi ndiye nimemugusa."

Nilimhurumia sana, na nilijisikia vibaya kwa kile kicheko changu cha siku ile. Nikamweleza taratibu. Huko kutetemeka kwa mama kunatokana na vidonge, si vidole. Nililisema siku ileile, na walisema wamesikia.

"Ile siku mimi sikusikia kitu, musawo. Masikio ilifunga."

"Basi sikia leo. Ni dawa."

Alifikiri. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mwalimu wangu angelikosoa. "Kama ni dawa, mimi je? Mimi simezi dawa yake. Kwa nini mimi natetemeka?"

Vidole vyake viliendelea kugonga kioo, na nakiri kwamba kwa muda mfupi, mimi niliyeichukulia obuko kama hadithi, niliiamini. Watu wawili wameguswa, watu wawili wanatetemeka. Ningekuwa hakimu ningewafunga wote wawili.

Nikarudi kwenye maswali yangu ya kila siku, maana ndiyo kazi. Unakunywa pombe? Hapana. Kahawa? Chai tu. Unameza dawa yoyote?

"Dawa hapana. Ile ya kikohozi tu. Vumbi ya soko na baridi ya asubuhi, nilikohoa sana. Mke wangu ananipa vidonge, vidogo, nyeupe. Vizuri sana. Kifua ilifunguka."

"Vinaitwaje?"

"Jina sijui. Ananipa mkononi, mimi nameza."

Nilimwona mke wake mbele ya macho yangu akitazama mafuta ya watoto. Ningeweza kumwambia mumewe palepale, lakini fikiria: mtu ambaye amekosa usingizi kwa kugusa kidole cha mama mkwe, umwambie kwamba wiki zote hizi ameshiriki bahasha moja na huyo mama, na kumeza kilichokuwa chake. Nilihofia ataanguka dukani kwangu. Nikamwambia vile vidonge vya kikohozi aviache kwanza, na kwamba mke wake aje nimwone.

Alikuja kesho yake, na kabla sijamaliza swali alikuwa ameshika mashavu.

"Ningefanya nini, musawo? Anaamka alfajiri anakohoa mpaka anashika ukuta. Daktari hataki, wanaume unawajua. Na dawa ya kifua iko ng'ambo ya ua tu, kwa mama. Kifua si ni kifua?"

"Na obuko?"

"Mimi nilifikiri kidonge ikishatoka kwa bahasha haina mwenyewe."

Nilimgombeza kidogo, kwa sababu dawa ya mtu si sukari ya kuazimana, na mumewe alihitaji kupimwa kifua chake mwenyewe. Alikubali yote. Lakini nilipomwambia aende nyumbani akawaeleze wote wawili, alianza kulia. Akimwambia mume, mume hatakula chakula chake tena. Akimwambia mama, mama ataondoka leo badala ya Jumamosi. Asipowaambia, mama anaondoka Jumamosi vilevile, na kifua chake kile.

"Sema wewe," aliniambia. "Wewe si Muganda. Wewe ni Mnubi, wewe mutu hawezi kukuuliza."

Basi hiyo ndiyo kazi waliyotuachia Wanubi. Nikamwambia awapitishe hapa Jumamosi.

Walikuja asubuhi, wakielekea kwenye mabasi. Mama alitaka vidonge vya kutosha huko kijijini, ndicho kisingizio binti alichokitumia. Mkwe aliingia kwanza na begi la mama begani, begi la zamani la kijani la askari magereza, limefungwa kwa kamba ya katani. Akalishusha na kusimama mlangoni, uso kwenye barabara. Mama akafuata baadaye sana, akakaa kwenye benchi akitazama rafu ya dawa za meno, mikono ameificha chini ya kitenge. Binti alibaki barazani. Kifua cha mama kilikuwa kikipiga mluzi mdogo kila akivuta pumzi, na mimi niliyezoea kuwatania nilitafuta utani wa kuanzia nikaukosa.

Nimwambie nani? Nikimwambia mkwe, mama anasikia. Nikimwambia mama, ni mwili wa mkwe wake nauzungumzia. Macho yangu yakaangukia ile mizani ya kupimia uzito iliyosimama katikati yao, haina ukoo na mtu yeyote.

"Mizani," nilisema kwa sauti, "nina habari zako."

Mkwe aligeuza sikio. Mama aliacha kusoma dawa za meno.

"Mizani, kuna dawa moja ya kifua hapa dukani. Wengine huiita sabuni tamu. Ni dawa nzuri, lakini anayeimeza mikono yake huweza kutetemeka. Haijali ni mama au ni nani. Akimeza Mganda anatetemeka, akimeza Mnubi anatetemeka. Sasa, mizani, kuna nyumba moja ambayo mama mmoja alipewa dawa hii. Na ndani ya nyumba hiyohiyo kuna mtu alikuwa anakohoa sana, hataki daktari, na kuna mke anayempenda. Mke akachukua kutoka kwenye bahasha ya mama, akampa yule anayekohoa. Hakumwambia. Akameza. Naye akatetemeka. Ndiyo hayo tu, mizani. Hakuna kidole chochote ndani ya habari hii."

Barazani nilimwona binti amejifunika uso kwa leso.

Shingo ya mkwe ilikuwa imekakamaa, na nilijua anachokifikiria: kwamba kugusana lilikuwa jambo dogo, na sasa limekuja kubwa. Mama aliitoa mikono yake chini ya kitenge, akaiweka mapajani, akaitazama ikitetemeka. Aliitazama muda mrefu, kama mtu anayekagua mchele.

"Musawo," mama alisema mwishowe.

"Naam, mama."

"Muulize hiyo kikohozi yake. Ilipona?"

Nikageuka. "Anauliza kikohozi kimepona."

Mkwe alijibu akitazama magari. "Mwambie ilipungua. Mwambie nilianza kulala."

"Mama, kimepungua. Alianza kulala."

"Mm," alisema mama. Mabega yake yakaanza kucheza, nikadhani analia, nikazunguka kaunta haraka. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, kifua kikipiga mluzi, machozi yakimtoka, akijipigapiga goti. "Mwambie, mtu anayekula dawa ya mkwe wake na hakufa, huyo hatakufa tena."

Nikampelekea. Yule mwanamume alijifuta macho.

Niliwaeleza yaliyobaki, nikipitia kwa mizani. Kwamba mkwe anapimwa leo na daktari wake mwenyewe, na anapata dawa yake mwenyewe. Kwamba daktari ataulizwa kama mama anafaa kupewa ile ya kuvuta kwa mdomo, ambayo haiiamshi mikono sana. Kwamba yote hayo yako hapa Mengo, na kijijini hayapo.

Mama alijiinua kwenye benchi, akarekebisha mshipi wa gomesi, akatazama kila mahali isipokuwa mlangoni.

"Mwambie," alisema, "hiyo begi airudishe nyumbani. Na muulize kama amesikia."

Niligeuka kumuuliza. Mlangoni hapakuwa na mtu. Begi lilikuwa limeshavuka barabara.